Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Mwanza: tusomeeni na idadi ya walioona

Kwa: Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, waganga wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa, waratibu wa huduma za macho, na wanaosimamia huduma za macho Wizara ya Afya, Dodoma.

YAH: MATOKEO YA UPASUAJI WA MTOTO WA JICHO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kila kambi ya macho inapofungwa huku kwetu, tunasomewa idadi. Wameonwa wangapi, wamepasuliwa wangapi, wafadhili wanashukuriwa, wazee waliobandikwa plasta jicho moja wanapigwa picha ya pamoja, wageni wanarudi walikotoka. Sijawahi kusikia taarifa inayoendelea sentensi moja mbele na kusema: kati ya hawa, wangapi waliona kesho yake asubuhi, wangapi wanaona baada ya mwezi na nusu, na wangapi walipata madhara. Ombi langu lote ni sentensi hiyo. Yanayofuata ni kueleza kwa nini naidai, na kwa nini haina gharama kubwa.

Mimi ni muuguzi wa macho mstaafu. Kazi yangu ilikuwa hospitalini na kambini, kandokando ya ziwa hili. Sitataja hospitali yoyote niliyofanya kazi, maana ninayoyasema hayakai kwenye jengo moja.

Naanza na sifa, kwa sababu upasuaji wenyewe unazistahili. Wa rika langu wanaikumbuka ile miwani mizito ya wazee wetu. Daktari alikuwa anatoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, ndiyo mtoto wa jicho mwenyewe, pamoja na kifuko chake, jicho linabaki halina kitu, mgonjwa anavalishwa vioo vinene, na siku akivikalia vikavunjika anarudi kuongozwa na mjukuu. Ikaja njia ya kufungua jicho kwa chale ya milimita 10 hadi 12, kukiacha kifuko, kupandikiza lenzi bandia, kisha kushona. Jicho lilipona polepole na nyuzi ziliivuta konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ikapinda. Njia ya chale ndogo tunayoitumia leo huchimba handaki la milimita 6 au 7 kwenye weupe wa jicho, likateremka hadi ndani ya konea, na presha ya jicho lenyewe ndiyo inayolifunga. Mara nyingi hakuna hata uzi mmoja. Mgonjwa hufunguliwa kesho yake, na ikienda vizuri humtambua mtu aliyemleta.

Mjini utasikia kwamba huu ni upasuaji wa maskini na kwamba wa maana ni ule wa mashine, unaoisaga lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu la milimita 2 au 3. Mwaka 2007 Dk. Sanduk Ruit wa Nepal na wenzake walichapisha utafiti uliozilinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 108, na mapasuaji yote yalifanywa na mabingwa. Baada ya miezi sita, wagonjwa 98 katika kila 100 wa kila upande walikuwa wanafikia kiwango kizuri cha kuona kwa miwani. Bila miwani, wa chale ndogo walikuwa 89 katika 100 na wa mashine 85, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Chale ndogo ilichukua muda mfupi zaidi. Na kwa lenzi zinazotufikia hapa, zilizokomaa mpaka zikawa nyeupe au kahawia iliyokolea, ngumu, kwa sababu mtu amengoja miaka, mikono ya daktari mzoefu huzimudu vizuri kuliko mashine. Kwa hiyo ugomvi wangu si na njia hii. Atakayeichukua barua hii aende kuuzia watu upasuaji wa mashine, aiache mezani.

Ugomvi wangu ni kwamba tunaisifu njia kisha tunaiacha ifanywe vyovyote.

Mtu wa nje huona ni operesheni moja. Ndani ya chumba ni namna nyingi. Baada ya handaki kuchimbwa na kifuko kufunguliwa kwa mbele, lazima kiini cha lenzi kitoke, na hapo kila fundi ana mkono wake. Wengine hukisukuma kwa jeli, wengine hukitoa kwa kijiko chembamba kinachopitisha maji, wengine hukikata vipande kwanza ili handaki liwe dogo zaidi. Kule Lahan, Nepal, Dk. Albrecht Hennig alianza mwaka 1997 kukitoa kwa sindano aliyoikunja ncha ikawa ndoano. (Wavuvi niliowaeleza hili walicheka sana, halafu wakauliza kama hiyo ndoano huwa inakosa. Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye vikao.) Huwa inakosa, ndiyo. Namna zote hukosa, kila moja kwa njia yake. Handaki likichimbwa juu mno, paa lake linatoboka. Likiingia ndani mapema mno, sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni inachungulia nje na jeraha halijifungi. Kiini kikilazimishwa kupita mlango mdogo, hukwangua chembe za nyuma ya konea, na chembe hizo hazioti tena. Konea inavimba, mgonjwa anaona ukungu. Mara nyingi ukungu huo huisha baada ya siku kadhaa. Zikiwa zimekufa nyingi mno, hauishi.

Ajali tunayoiogopa kuliko zote mezani ni kuchanika kwa kifuko upande wa nyuma. Utando ule ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu: sehemu nne hivi, au pungufu, kati ya elfu moja za milimita. Ukichanika, ute wa ndani ya jicho unaweza kuja mbele, lenzi bandia inakosa pa kukaa, na hatari ya maambukizi na ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kubanduka inapanda. Lakini kuchanika si mwisho wa jicho. Daktari aliyefundishwa, mwenye mashine ya vitrektomi ya kuukata ute bila kuuvuta, mwenye nyuzi na lenzi ya aina nyingine karibu, huokoa macho mengi ya namna hiyo. Asiyekuwa na hivyo anabaki na kisponji na mkasi. Nimeona meza za kambi zilizopangwa vizuri kwa upasuaji utakaokwenda salama, na hazina chochote kwa ule utakaoharibika. Mama mmoja muuza dagaa wa kisiwani alitoka kwenye meza kama hiyo bila lenzi ndani ya jicho. Kwenye kadi yake iliandikwa tarehe, jicho la kulia, na kwamba amefanyiwa upasuaji. Kuchanika kwa kifuko hakukuandikwa. Kukosa lenzi hakukuandikwa. Alikaa nyumbani akiamini jicho lake ndilo lililokataa dawa, wakati alichohitaji ni miwani mizito ya muda na tarehe ya kurudi kuwekewa lenzi. Na kwenye idadi iliyosomwa siku ya kufunga, naye alihesabiwa.

Ni mara ngapi hilo hutokea? Inategemea mkono, na mkono unategemea ulikojifunzia. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu madaktari 50 waliokuwa masomoni kuwa mabingwa wa macho, kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Zimbabwe. Nusu yao walipelekwa Cape Town kwa siku tano za mazoezi makali ya upasuaji huuhuu wa chale ndogo, juu ya macho bandia, kabla ya kurudi kwenye mafunzo yao ya kawaida. Wenzao waliendelea kama kawaida na mazoezi hayo waliyapata baadaye. Katika mwaka uliofuata, waliofanya mazoezi walichana kifuko mara 7.8 katika kila mapasuaji 100. Wenzao walichana mara 26.6. Zaidi ya jicho moja katika manne, Waheshimiwa, na tofauti imeletwa na siku tano za kuchimba handaki kwenye plastiki. Sijui hoja gani ya bajeti inaweza kusimama mbele ya namba hizo mbili. Atakayepewa kisu kwenye kambi ya mkoa huu awe kwanza ameyapitia mazoezi hayo, na hospitali za kanda ziwe na chumba chenye hadubini na macho bandia, kinachofunguliwa hata jioni. Wapo wanaosema kambi zenyewe ndizo shule. Mzee wa Ukara hakupanda meli kuja kuwa daftari la mazoezi.

Sasa niseme habari ya namba ya lenzi, jambo ambalo halina damu na ndiyo maana halizungumzwi.

Jicho la kila mtu lina urefu wake na konea yake ina mviringo wake, na lenzi bandia inayolifaa hupatikana kwa kuvipima vyote viwili kabla ya upasuaji. Vifaa vya kupimia vinaingia kwenye sanduku na kusafiri. Kuna kambi ambazo havisafiri. Linakuja boksi la lenzi za nguvu moja, au mbili tatu, na kila jicho linawekewa iliyopo. Upasuaji unakuwa safi, kifuko kizima, konea inang'aa, na mtu anaona kwa ukungu maisha yake yote kwa sababu amevikwa namba ya mtu mwingine. Hata aliyepimwa sawasawa anaweza kubaki na kasoro, kwa kuwa jeraha la milimita 6 linapopona huivuta konea kidogo. Madaktari wengine hulihamishia pembeni ya jicho badala ya juu ili kuupunguza mvuto huo.

Utafiti wa Pune, India, uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 400, unaonyesha hili vizuri. Wiki sita baada ya upasuaji wa chale ndogo, waliofikia 6/18 bila msaada wowote, yaani wanaokiona kutoka mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 18, walikuwa 71 katika 100. Macho yaleyale yalipowekewa vioo vya kurekebisha, wakawa 98. Hao 27 katikati hawakuhitaji kisu tena. Walihitaji miwani. Kwetu, miwani haimo kwenye bajeti ya kambi, na mara nyingi wiki ya sita yenyewe haimo. Tunamfikisha mtu mlangoni na kumwachia hapo. Fundi cherehani, mshona nyavu, bibi anayechambua mchele, wote wanahitaji na miwani ya kusomea hata kama wanaona mbali vizuri, kwa sababu lenzi ya kawaida tunayopandikiza haibadilishi umbali. Mtu asipoambiwa hivyo mapema hudhani ameharibiwa. Na hapo ndipo Wizara inapoingia: utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unapopangiwa vifurushi, mtoto wa jicho uwekwe humo pamoja na kipimo cha lenzi, miwani na mahudhurio ya baada. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, ambao sera inawaahidi matibabu bila malipo, wasiuziwe miwani mlangoni.

Maambukizi ya ndani ya jicho ni nadra, na kwa sababu ni nadra tunayazembea. Iodini ya povidoni ya asilimia 5 ikiachwa machoni dakika tatu kabla ya upasuaji ni kinga ya bei ndogo kabisa. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa antibayotiki ya sefuroksimu ikiingizwa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji hupunguza hatari hiyo karibu mara tano. Haya wataalamu wetu wanayajua. Yanayoyaharibu ni shinikizo la idadi: jua linazama, foleni ingali ndefu, mgeni rasmi kesho anataka kusoma tarakimu nzuri, na dakika tatu zinakuwa moja. Kisha mgonjwa anavuka maji kwenda kwao. Siku ya tatu jicho linauma, linakuwa jekundu, mwanga unapungua. Jirani anamwambia kidonda lazima kiume. Hapo kila saa ina thamani, na mtu huyo anahitaji namba ya simu inayopokelewa, iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kadi yake ili hata jirani aisome, na nauli ya meli ambayo hatadaiwa. Halmashauri inayopata mafuta ya kumpeleka mgeni rasmi kwenye ufunguzi inaweza kuipata nauli hiyo.

Najua jibu litakalotolewa: wagonjwa wa visiwani hawarudi, kwa hiyo matokeo hayawezi kupimwa. Nimelisikia hilo miaka yote. Mwaka 2013 jarida la Lancet Global Health lilitoa utafiti uliofanyika katika hospitali 40 za nchi 10 za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, ukionyesha kwamba uwezo wa kuona unaopimwa siku chache tu baada ya upasuaji, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, unatosha kuonyesha hospitali ipi inafanya vizuri na ipi haifanyi vizuri. Kesho yake asubuhi wote wapo. Wamelala wodini au kwenye darasa la shule ya msingi, wanangoja chai. Muuguzi mmoja, chati moja, kamba ya mita 6 na daftari. Ipo hata programu ya bure ya simu, BOOST, iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kupokea vipimo vya wagonjwa na kuiambia timu kasoro yake kubwa iko wapi: uchaguzi wa wagonjwa, upasuaji wenyewe, au miwani. Kwa waliopata madhara na wale wachache wanaoweza kurudi, wiki ya sita ipimwe pia. Kigezo kipo: Shirika la Afya Duniani liliweka tangu zamani kwamba angalau macho 80 katika 100 yafikie 6/18 kwa miwani aliyonayo mgonjwa, 90 kwa miwani bora, na yanayobaki chini ya 6/60 yasifike matano. Na mwaka 2021 nchi wanachama, yetu ikiwemo, ziliafiki lengo la kuongeza ifikapo 2030 si wingi wa mapasuaji tu bali mapasuaji yenye matokeo mazuri. Tumekwisha kukubali kwa maneno.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, na nililisikia kwa daktari ninayemheshimu. Alisema: mkitangaza matokeo, daktari mwenye akili ataanza kuyakataa macho magumu. Yule mzee mwenye presha ya macho, au mwenye lenzi iliyolegea, au mwenye jicho moja tu lililobaki, ataambiwa njoo mwakani. Hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo yatangazwe matokeo ya kituo, jina la daktari lisitajwe. Na kila jicho liandikwe hali yake kabla ya kisu, ili anayebeba mizigo mizito aonekane ameibeba. Jicho ambalo mshipa wake umekwisha kufa kwa presha halitarudishiwa nuru na upasuaji wowote. Mwenye jicho hilo aambiwe kabla, na ndugu zake wasikie. Mimi kituo kitakacholeta taarifa isiyo na kuchanika hata kumoja sitakipongeza, nitakiomba daftari. Mabingwa wa dunia huchana vifuko, na wao ndio wanaoandika.

Jambo dogo la mwisho. Miezi au miaka baada ya upasuaji mzuri, kifuko kilichoachwa huweza kuingia ukungu, na watu hurudi nyumbani kwa huzuni wakisema ugonjwa umerejea. Tiba yake ni mwale wa leza, dakika chache, bila chale. Lisemwe siku ya kuruhusiwa, na rufaa yake iwe rahisi.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na mgonjwa wa Sengerema au Geita hakai tena foleni ya kivuko. Watakuja wengi zaidi Mwanza, na kambi zitaongezeka. Kwa hiyo naomba yafuatayo kabla ya kibali cha kambi yoyote kusainiwa: vifaa vya kupima lenzi viwepo, mashine ya vitrektomi na nyuzi viwe mezani, miwani iwe ndani ya bajeti, na timu itakayobaki baada ya wageni kuondoka itajwe kwa simu yake. Kambi isiyoweza hayo ipunguze idadi, au isije. Na kila robo mwaka, kwenye ubao wa matangazo wa kila hospitali inayopasua macho mkoani, ibandikwe karatasi moja: waliopasuliwa, waliofikia 6/18 kesho yake, waliobaki chini ya 6/60 na sababu, vifuko vilivyochanika, maambukizi, waliopewa miwani. Wanawake na wanaume watenganishwe, maana mama zetu ndio hukawia kuletwa.

Robo ya mwaka inayokuja inatosha kuanza. Anayehitaji mtu wa kupima wagonjwa asubuhi ya pili, nipo Ilemela na mratibu wa macho ana namba yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu wa macho
Ilemela, Mwanza